Swali Ambalo Maman Emérence Alilifuta

Tarehe 30 Juni 1992 Maman Emérence Nabintu anastaafu, akiwa ameitumikia hospitali yetu ya Bukavu kwa miaka ishirini na minane, kumi na mitatu kati yake akiwa muuguzi mkuu wa wagonjwa waliopasuliwa. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, siku mvua ilipoibomoa njia ya Kadutu. Hata siku hiyo alisisitiza kwamba iandikwe.

Kisa kinachomweleza vizuri zaidi ni cha mwaka 1978. Papa Floribert, mchimba dhahabu wa Shabunda, alikuwa amepasuliwa kifua ili kuondolewa utando uliokakamaa na kuubana moyo wake. Kila asubuhi tulimuuliza, "Papa, moyo inauma?" Kila asubuhi alijibu, "Hapana, moyo iko muzuri," nasi tukaandika kwenye fishi, karatasi yake ya matibabu: hana maumivu. Siku ya tatu homa ilipanda. Makohozi yalikuwa yanajaa mapafuni, na mgonjwa wa namna hiyo asipokohoa, hufa.

Maman Emérence hakumuuliza kitu. Alimwambia akohoe. Papa Floribert alishika kifua kwa mikono miwili, jasho likamtoka, kikohozi hakikutoka. Ndipo Maman alipomuuliza habari ya kidonda, si ya moyo.

"Aa, kidonda! Ile inawaka moto, maman. Lakini moyo iniume juu ya nini? Nani amenikosea hapa?"

Tulikuwa tumemuuliza kuhusu huzuni, naye alikuwa amejibu ukweli.

Alichomwa sindano ya kutuliza maumivu, akaachwa nusu saa, akapewa mto aukumbatie kifuani, akakohoa. Baada ya majuma matatu alipanda ndege Kavumu kurudi kwao, mto ukiwa kwapani. Alikataa kabisa kuurudisha.

Tangu hapo swali lile lilifutwa. Maman Emérence alitufundisha kupima maumivu mara nne: mgonjwa akiwa ametulia, akijigeuza, akivuta pumzi, akikohoa. Dawa itangulie mazoezi, isingoje kilio. Kisha muuguzi arudi kuuliza kama imesaidia, jambo ambalo wengi wetu tulilisahau na yeye hakulisahau kamwe. Mito aliishona mwenyewe kwa vipande vya vitenge. Wanaume wazima waliipakata kama watoto wachanga, na ole wake muuguzi aliyecheka.

Maman Emérence, aksanti. Nenda ukapumzike kwako, Mungu akuongezee siku nyingi na nyepesi. Nasi leo, ukituuliza swali lile ulilolifuta, tutajibu bila kukosea: ndiyo, maman, moyo inauma.