Mama Tangi wa Karakana ya Boti Anatua Mzigo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu, Mama Tangi anastaafu tarehe thelathini Juni. Anaondoka amechoka, na wala hafichi. Magoti yameisha kwa kutambaa ndani ya matumbo ya boti, na mgongo, kwa maneno yake, ulishatangulia kustaafu.

Alianza kwa kufagia, akajifunza kuchomelea, akaishia kwenye matangi ya mafuta. Ni kazi isiyo na sifa: tangi likikaa vizuri, hakuna anayelikumbuka. Hakukubali tangi la alumini lilazwe juu ya mbao au sponji, maana unyevu ukituama chini yake hulitafuna taratibu. Alilipandisha juu ya vipande vya plastiki ngumu ili hewa ipite. Shaba nayo aliiweka mbali. Alisema shaba na alumini ni wake wenza. Ukiwalaza chumba kimoja, mmoja atamla mwenzake.

Wengi tutamkumbuka kwa boti ya wagonjwa. Ililetwa ikinuka mafuta, na meneja akaagiza tundu lizibwe, boti irudi majini siku ileile. Mama Tangi aling'oa tangi zima. Chini kulikuwa na sponji iliyolowa, na tangi limetoboka kama chujio. Meneja alipoliona, alikunja mikono ya shati akasaidia kulibeba nje.

Siku hizohizo mkaza mwanawe alikuwa amekaribia kujifungua, na daktari alishaagiza apelekwe kwa boti hiyo hospitali ya ng'ambo. Mwanawe akaja kumbembeleza mama yake aiachie boti. Mama Tangi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mkeo atavuka," alimwambia. "Ila hatavuka amekalia moto."

Sisi tulifanya kazi kwa zamu. Yeye hakuwa na zamu. Tangi jipya likafungwa, likapimwa, halikuvuja. Boti ikashuka majini na mjamzito ndani, na mtoto akazaliwa salama. Habari ilipofika, bibi yake alikuwa amelala fofofo juu ya magunia kwenye sakafu ya karakana. Hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Mama Tangi, asante kwa kazi ambayo waliovuka salama hawakuijua. Tukikwama tutajikwamua wenyewe, wewe usije. Kaa na wajukuu, kula vizuri, na Mungu akujalie uzee mtulivu.