Mzee Aliyeishiwa Watu wa Kuwaamkia

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi hii ya baridi. Uliye Bagara, uliye Singe, na wewe wa Bonga unayekamua ng'ombe huku redio umeining'iniza zizini, karibuni. Kama chai iko jikoni punguza moto, ila usiende mbali.

Leo tunamkumbuka Mzee Teodori Margwe wa Bagara. Narudia: Mzee Teodori Margwe, dereva mstaafu wa greda, aliyechonga barabara nyingi tunazopita hapa kwetu. Ametutoka akiwa ameshapita themanini. Haya nitakayosimulia nimeyapata kwa binti yake Katarina, mwalimu wa chekechea, ambaye naye anakaribia kustaafu. Yapo niliyotaka kuyaruka, lakini Katarina akanikatalia. "Sema yote," akaniambia, "hata wakiniona nimechanganyikiwa." Basi nitasema yote, na wewe shika kikombe chako vizuri.

Mzee alistaafu zamani, wengine wenu mlikuwa hamjaanza hata shule. Asubuhi ya kwanza aliamka gizani kama kawaida, akavaa buti, ndipo akakumbuka kwamba hana tena greda. Mkewe, marehemu Aikande, akamwambia, "Rudi kitandani, Baba Katarina." Akajibu, "Kitandani kuna nini kipya?" Akatoka, akashuka kwa miguu mpaka ziwani kuwatazama viboko, akarudi na njaa na maswali. Ikawa ndiyo desturi yake. Alfajiri ziwani, mchana kuuliza.

Na aliuliza, jamani! Aliuliza fundi simu wa stendi, aliuliza vijana wa bodaboda, alimuuliza hata paroko katikati ya mazishi. "Hebu nieleze," ndivyo alivyoanza siku zote. Watu wakamwita Mzee Hebu Nieleze, naye akaitika bila kinyongo.

Akiwa na sabini na kitu alijiunga na kina mama wanaofuma masweta pale Bagara. Mwanaume mzima, na mikono ile ya usukani! Vailet, anayefundisha kikundi hicho, anasema: "Tulimcheka mpaka machozi. Sweta lake la kwanza lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Akalivaa hivyo hivyo kanisani, tena akakaa benchi la mbele." Lakini alijifunza. Mwisho wake kina mama hao hao wakawa wanamletea kazi zilizowashinda.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yanapogeuka.

Mtaani kwao alibaki mtu mmoja tu aliyemzidi umri. Huyo alikuwa jirani yake, Bibi Xaveria. Kila alfajiri Mzee Teodori alisimama kwenye uzio, akasema, "Shikamoo." Bibi akajibu kutoka ndani, "Marahaba, mtoto." Mtoto! Mzee mwenye mvi kichwa kizima alitabasamu njia nzima kwa neno hilo.

Mwaka jana Bibi Xaveria alifariki. Mzee Teodori alirudi kutoka mazishini, akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Katarina, nimeishiwa watu wa kuwaamkia. Sasa mimi ni wa kuitikia tu."

Baada ya hapo hakutoka. Ziwani hakwenda. Uzi na sindano vikakaa chini ya kiti, na hakuuliza swali lolote, hata habari ya mvua. Katarina anasema hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Mama yake alishaondoka, na sasa alimwona baba yake anaondoka akiwa amekaa pale pale sebuleni. Aliomba, akapika kila alichokipenda. Wapi!

Halafu asubuhi moja ya ukungu alisikia geti. Baba yake alikuwa ametoka. Jua lilipochomoza akarudi anatembea haraka, macho yanang'aa.

"Leo nimepata wa kumwamkia," akasema.

"Nani huyo, baba?"

"Simjui. Ukungu ulikuwa mzito kule chini karibu na matete. Nikasikia mtu anakuja, nikahisi kanizidi umri. Nikamwamkia, akaniitikia."

"Akasemaje?"

"Marahaba, mtoto."

Katarina akajiuliza moyoni: Kukuzidi wewe, baba, Bagara hii? Lakini aliona baba yake anainama, anatoa sindano na uzi chini ya kiti. Furaha ikamziba mdomo, asiulize zaidi.

Siku zikaenda. Mzee akashuka ziwani kila alfajiri, akarudi na habari za mtu wake. Akaanza kufuma shali nzito ya kijivu. Vailet alipomuuliza ni ya nani, alijibu, "Ya bibi wa kule chini. Anasikia baridi, tena baridi ya muda mrefu."

Katarina akaanza kuulizia. Hakuna aliyemjua bibi huyo. Filbert, kijana wa bodaboda anayepita ziwani mapema, akamwambia kwa sauti ya chini: "Shikamoo mama. Mimi mzee namwona kila siku. Yuko peke yake. Ila anapisha njia, mama. Anasogea pembeni kabisa, kama kuna mtu anapita."

Mh! Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Katarina alinunua kufuli, akafunga geti. Alijiambia ni kwa sababu ya viboko, na ni kweli viboko wapo. Lakini moyoni aliogopa kingine. Aliogopa huyo wa kwenye ukungu, kwamba ipo siku atamwambia baba yake, twende. Mzee hakugomba. Alitazama kufuli, akatazama binti yake, akarudi kitini. Sindano zikarudi chini ya kiti. Katarina anasema, "Nilijua ninamuua. Nikifungua atachukuliwa, nikifunga atakufa kitini. Nilikuwa nalia huku nakoroga uji."

Alfajiri iliyofuata ukungu ulipanda kutoka ziwani mpaka mitaani. Katarina alikuwa jikoni. Mbwa aliyekuwa mlangoni akanyanyuka, akaingia ndani, akajificha chini ya meza. Kisha Katarina akasikia sauti ya baba yake getini.

"Shikamoo."

Akatega sikio kwenye ukungu.

"Leo siwezi kuja. Binti yangu kafunga. Usimlaumu, ananipenda."

Akainamisha kichwa kama anayesikiliza. Halafu mzee akacheka, kile kicheko chake cha zamani, akageuka kumtazama Katarina aliyekuwa amesimama na sufuria mkononi.

"Anakuulizia wewe," akasema. "Anasema, yule mtoto niliyemshika mkono kwenye ukungu, hajambo? Yule aliyepoteza kiatu kimoja?"

Sufuria ikaanguka, uji wote ukamwagika.

Wasikilizaji wapendwa, niwaeleze. Katarina alipokuwa mdogo, baba yake akiwa kambini mbali akichonga barabara za Kiteto, mtoto huyo alipotea kule ziwani alfajiri, kwenye matete, mahali ambapo hata mtu mzima hapiti ovyo. Akapoteza kiatu kwenye tope. Akalia mpaka sauti ikakauka. Ndipo mkono wa baridi ukamshika. Alikuwa bibi asiyemjua. Akamwongoza mpaka mlangoni kwao, akaondoka.

Mama yake alimkumbatia, akalia, kisha akamuuliza, "Ulimwamkia?" Katarina akasema hapana, aliogopa. Basi mama akamchapa! Hakumchapa kwa kupotea. Alimchapa kwa kutomwamkia mtu mzima aliyemwokoa. Kisha akamwapisha: "Baba yako asijue kamwe. Akijua nilikuacha ukapotea ziwani, hatanisamehe."

Hakujua. Narudia, Mzee Teodori hakujua. Aikande alikufa na siri hiyo, na Katarina hakumwambia mtu yeyote.

Asubuhi hiyo Katarina alichukua ufunguo. Akapapasa kufuli mpaka akapata tundu. Alipofungua geti, nje hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukungu tu, na harufu ya tope la ziwani.

Tangu hapo alimsindikiza baba yake kila alfajiri, na kusimama nyuma kidogo. Alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Shikamoo. Hebu nieleze..." Na baba yake akasikiliza, akaguna, akauliza tena kama mwanafunzi. Katarina mwenyewe hakuwahi kufungua kinywa. Kila siku alijiambia, leo nitamwamkia. Kila siku woga ule wa utotoni ukamshinda.

Mzee Teodori Margwe alifariki mchana wa jua, nyumbani kwake, kitini, sindano zikiwa mapajani. Shali ilikuwa imekamilika. Neno lake la mwisho kwa binti yake lilikuwa, "Hebu nieleze, leo umepika nini?" Alipikiwa ndizi na nyama, akala, akasinzia. Tumemzika hapa hapa Bagara, na kina mama wa kikundi cha kufuma walijaza uwanja.

Kwako Katarina, kwa wajukuu, kwa Vailet na wenzake, poleni sana. Poleni sana, tena sana. Msiba huu ni wetu sote. Na wewe unayesikiliza ukiwa na mzee ndani kwako, jiulize leo kama umemlinda au umemfungia. Na wewe mstaafu uliyeketi hapo, bado kuna kitu hujakiuliza. Inuka ukakiulize.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini niliahidi kusema yote.

Wageni wa msiba walipoondoka, Katarina aliamka alfajiri, akachukua ile shali ya kijivu, akashuka peke yake. Ukungu ulikuwa mzito, matete hayaonekani. Akasimama pale baba yake alipokuwa akisimama. Akasikia mtu anakuja, taratibu, kwenye tope. Akataka kukimbia. Hakukimbia. Akasogea pembeni kupisha njia, akafumba macho, akanyoosha mikono yenye shali mbele yake, akasema kile alichopaswa kukisema alipokuwa mtoto mwenye kiatu kimoja.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtoto," ukungu ukajibu.

Katarina anaapa kwamba walioitikia walikuwa wawili, na kwamba sauti moja anaijua tangu alipozaliwa. Alipofumbua macho mikono yake ilikuwa mitupu. Akapanda kurudi nyumbani, na geti hajalifunga tena kwa kufuli mpaka leo.