Mama Pindo na Somo la Nne

Jumanne, tarehe 9 Machi 2021, saa nne na robo asubuhi, si tarehe nane kama ilivyochapwa kwenye tangazo la msiba, marehemu aliambiwa na daktari kwamba figo zake zote mbili zimeshindwa kazi, na kwamba tangu wiki hiyo angesafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maisha yake yote. Aliuliza kama Jumamosi atakuwa huru, akajibiwa kwamba Jumamosi atakuwa amechoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1966, kitindamimba wa nyumba ya watoto watano, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake, na mwaka 1984 akafungua chumba chake cha cherehani, ambako wateja walimpa jina la Mama Pindo, kwa sababu pindo lililokwenda upande alilifumua hata kama bibi harusi amesimama mlangoni. Tarehe 2 Agosti 1986 alifunga ndoa na mwashi aliyekuja kupunguziwa suruali, wakajaliwa watoto watatu, waliozaliwa mwaka 1987, 1990 na 1998.

Ugonjwa ulimfunga kweli. Hospitalini alifungwa na mirija mkononi, nyumbani maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe, na kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia asiwaze, atapona, asijitabirie mabaya, hata mdomo nao ukawa umefungwa, huku mumewe akiacha kazi na kukaa kwenye benchi la nje ya wodi akimsubiri.

Mshauri nasaha wa hospitali alikuwa mmoja kwa wagonjwa wote, hivyo wenye maradhi ya kudumu walipewa masomo yaliyorekodiwa, ya kusikiliza wenyewe kwa mwendo wao, kuhusu namna ya kuishi na hofu, hasira na uchovu, na binti yake wa mwisho, aliyekuwa chuo kikuu, akamwekea kwenye simu. Marehemu aliyasikiliza ndani ya kijichumba cha kujaribia nguo, pazia limefungwa, wateja wakisubiri wakidhani kuna mwenzao anayehangaika na zipu.

Masomo matatu aliyamaliza upesi. La nne lilimkwamisha, maana lilimtaka amwambie mtu mmoja jambo analoliogopa kuliko yote, naye, fundi asiyepiga mshono wa pili kabla wa kwanza haujalala, akalirudia mwaka mzima na zaidi. Binti yake alipomuuliza, alijibu kwamba amekwisha kumwambia Bibi Kimya, yaani sanamu yake ya kuvishia nguo, na kwamba somo limesema mtu mmoja, halikusema awe na kichwa.

Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023, jioni, wakinywa chai, alimwambia mumewe kwamba haogopi kufa, anaogopa kutokufa, abaki kwenye kile kiti cha kusafishia damu mwaka hadi mwaka, mumewe naye azeekee kwenye benchi, na kwamba anafikiria kuacha kwenda hospitali. Mumewe hakumwambia asiwaze. Alisema, "Mama watoto, hata mimi naliogopa lile benchi, ila kila nikifungua mdomo unaniambia chai inapoa." Walicheka, wakalia, na chai ikapoa.

Marehemu alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 18 Januari 2024, saa kumi na moja alfajiri, moyo wake ulipochoka. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, mshauri nasaha, majirani waliolala nasi sebuleni, na mafundi wenzake waliomalizia nguo za wateja wake na kukagua kila pindo.

Mumewe ameomba lisomwe jambo moja zaidi. Asubuhi iliyofuata mazungumzo yale, Jumatatu, marehemu alioga mapema, akampigia mumewe pasi shati la kazi, akamshikisha mwiko wa kujengea mlangoni na kumwambia aende akajenge nyumba za watu, kisha akaenda hospitali peke yake, akakaa kwenye kiti kilekile, akanyoosha mkono.

Pumzika, Mama Pindo, mkono sasa ni wako.