Nilikuwa Nakimbia, Mkaniita Shujaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni tena, maana leo nahitaji kusikia sauti zenu kabla sijatoa yangu.

Mimi ni dada yenu Mumbua, muuguzi. Miaka sita nimeimba kwaya hapa Garissa. Wiki ijayo naondoka kwenda Sudan Kusini, kujitolea kwenye kliniki kwa miaka miwili. Mmenishonea nguo, mmeninunulia chandarua, mmeniita shujaa. Ndugu zangu, mimi si shujaa. Nivumilieni niseme.

Mwaka jana nilipelekwa kwa muda kwenye zahanati moja ndogo upande wa Hulugho. Asubuhi moja akaletwa Fadumo, mke kijana, mimba yake ya kwanza. Alijifungua mtoto wa kike, salama kabisa. Kisha damu ikaanza. Nilimsugua tumbo, nikamdunga sindano, nikatundika dripu. Damu ikapungua, lakini haikukoma. Ilibidi apelekwe Garissa, na mgonjwa wa namna hiyo haendi peke yake. Muuguzi hupanda gari pamoja naye.

Lakini wiki ile barabara ilikuwa na habari mbaya. Watu wenye bunduki walikuwa wamesimamisha gari, na sisi tusio wenyeji tulijua ni sisi wanaotutafuta. Fadumo akanishika nguo, akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Sista, tunaenda bamoja?"

Nikamwambia, "Tangulia. Nitakuja na gari la pili."

Ndugu zangu, hakukuwa na gari la pili! Mlango wa ambulensi niliufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Njiani dripu ikachomoka, na hakuna aliyejua kuirudisha. Alikata roho kabla ya kuufikia mji, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake, Hooyo Halima, yaani Mama Halima, na kichanga kinalia.

Kwenye kitabu cha zahanati niliandika kwamba hakukuwa na muuguzi wa kumsindikiza. Mwenzangu alikuwa likizo, kwa hiyo aliyesoma aliamini kwamba nisingeweza kuiacha zahanati.

Tangu hapo sikuweza kumzalisha mama bila kumwona Fadumo. Nikaomba uhamisho, nikarudi mjini. Niliposikia kuna shirika linatafuta wauguzi wa kwenda nje, nikajaza fomu siku hiyo hiyo. Wakaniuliza kwa nini nataka kwenda. Nikajibu nina mzigo kwa wanaoteseka. Uongo! Nilitaka kwenda mahali ambapo hakuna mtu anayelijua jina la Fadumo.

Nikapata nafasi. Nikachanjwa, nikakata tiketi, nikaanza kufunga sanduku. Ndipo akina mama wa kanisa hili mkaniwekea mikono, na mmoja wenu akaomba, "Asante Bwana kwa binti huyu asiyejua woga." Mlisema amina nyote. Mimi nilishindwa. Nilitoka nje nikakimbilia nyuma ya jiko. Mkadhani ni ile chanjo.

Hapo hapo, nimeshika ukuta, nilimwambia Mungu ukweli kwa mara ya kwanza. Sikusikia sauti yoyote. Nilijua tu ni wapi natakiwa kwenda.

Asubuhi nilichukua bodaboda hadi kwa Hooyo Halima, ambaye sasa anaishi pembeni ya mji huu. Alikuwa anamlisha mjukuu wake uji. Nilipiga magoti mchangani nikamweleza yote: woga wangu, gari la pili, kitabu.

Hakuinua macho. "Najua. Dereva aliniambia siku ile ile. Nilingoja wewe kuja. Miezi nane, sista!"

Akamlisha mtoto kijiko kingine, kisha akaniuliza:

"Ungebanda gari, angebona?"

"Sijui, Hooyo. Pengine angepona."

"Na mimi sijui. Allah ndiye anajua." Akamfuta mtoto mdomo. "Huko unaenda, barabara iko mbaya?"

"Iko mbaya."

"Mama akitoka damu, utabanda?"

Nililia, ndugu zangu. Lakini nilimtazama usoni nikamjibu, "Nitapanda, Hooyo."

"Basi enda."

Hakuniambia amenisamehe. Sikumwomba aseme.

Nilitoka pale nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi, tukaandika taarifa upya. Nikapewa barua ya onyo, imo kwenye faili langu hadi nistaafu. Shirika nalo nikaliambia. Safari ikasimamishwa majuma mengi, na juzi tu wakanijibu kwamba niende.

Woga bado ninao! Nikifumba macho naiona barabara. Lakini ule mnyororo wa uongo Bwana ameukata, na mikono hii inazalisha tena. Utukufu kwake!

Fadumo hatarudi. Msinipigie makofi. Ila kama upo hapa na kuna mtu unayemkwepa kwa kupita njia ya mbali, usimalize wiki hii hujaenda kwake. Yesu atakwenda nawe, nami ni shahidi. Na mkiniombea, msiombe nisiogope. Ombeni nipande gari.