Mwalimu Zdravka Tsoneva na Chumba cha Kusikiliza

Mwalimu Zdravka Tsoneva anastaafu tarehe 30 Juni 2019, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu ya Rakitsa. Siku hiyohiyo na shule inafungwa. Mwaka huu mhitimu alikuwa mmoja tu, Galena. Siku ya mahafali alihesabu kwa sauti barabarani, moja hadi kumi na mbili, namba moja kwa kila mwaka wa masomo kama desturi yetu ilivyo, peke yake, mpaka sisi wafanyakazi tukaona aibu tukampokea kuanzia saba.

Zdravka alipofika mwaka 1985 alikabidhiwa chumba chenye vinasa sauti kumi na viwili, vinane vibovu. Kanuni yake ilikuwa moja: kwanza sikio. Kwa miezi mitatu mwanafunzi husikiliza kanda ileile, haandiki, hasemi. Kisha husema pamoja na sauti ya kwenye kanda, pumzi kwa pumzi, mpaka usijue nani ni nani. Mzazi mmoja alimjia juu ofisini kwangu mimi karani: "Mwalimu, mtoto ana miezi mitatu hajatamka neno. Kwani humo ndani mnalala?" Zdravka akamjibu taratibu, "Mama, alipozaliwa ulimngoja mwaka mzima. Mbona hukumfokea?"

Mafanikio yake hayana ubishi. Mwanamke wa kwenye kanda ya tatu alikohoa kidogo kabla ya kutaja nauli ya treni, na watoto wetu wote wakajifunza na kikohozi chake. Leo wako Dublin na Leeds, wanazungumza kama waliozaliwa huko, ila wakitaka kutaja bei hukohoa kwanza. Tulicheka sana. Baadaye tukaacha kucheka, maana kila aliyesema vizuri aliondoka. Mwanangu Vasil aliondoka 2004.

Zdravka aliliona hilo mapema kuliko sisi. Mumewe alikuwa ameshafariki, na Iveta, binti yake wa pekee, alipofika darasa la nane alimwandikisha Kirusi badala ya Kiingereza. Tangu hapo kila kipindi kikiisha alikifunga chumba kwa kufuli. "Huyu mmoja mniachie," aliniambia. Miaka minne baadaye Iveta alifungua mdomo mezani, Kiingereza kikatoka kama maji, na Septemba akapanda basi kwenda Ireland. Kwa miaka kumi Zdravka amejiuliza ni nani aliyempa mtoto zile kanda. Alimshuku Tsolo, fundi wa mitambo ya kupasha shule joto, aliyeingia kila chumba, na hakumsalimia tena hadi marehemu yule anazikwa.

Zdravka, aliyempa Iveta kanda ni mimi. Ufunguo wa pili ulikuwa kwenye droo yangu. Alisikilizia ofisini kwangu wakati wewe uko darasani, nami nikifunga mlango kwa ndani. Ningeweza kusema nilimhurumia. Ukweli ni kwamba wangu alikuwa ameshakwenda, wako yupo, na mimi nikashikwa na wivu. Tsolo hakuwa na kosa.

Asante kwa yote uliyowapa watoto wa Rakitsa, wangu akiwemo. Wenzako wote tunakuombea siha njema na miaka mingi ya utulivu. Sasa mimi na wewe tumebaki mtaa mmoja, bila shule na bila watoto. Nitakuwa nyumbani kila asubuhi, kahawa iko jikoni. Usipokuja, sitauliza sababu.

Nevena Gyurova, karani wa shule