Zambarau, Aliyewajua Bakteria kwa Koo Zao

Binti tunayemzika leo wengi wenu mlimwita Zambarau. Wasifu wake tunausoma mbele ya mdogo wake, ambaye Jumatatu anatakiwa kuripoti chuo kile kile alichosoma marehemu, na ambaye baadhi yenu mnataka abaki nyumbani. Kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1993, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa mama fundi cherehani na baba dereva wa lori, ambaye ametangulia. Alikuja duniani akilia kwa nguvu, na hakuwahi kunyamazishwa kirahisi.

Baada ya shule za mtaani, mwaka 2012 aliingia chuo cha maabara. Likizo alitufundisha mezani, chakula kikipoa. Kijidudu unampaka kwenye kioo, unammwagia rangi ya zambarau, unamwosha kwa spiriti, kisha unamtia pinki. Anayeng'ang'ania zambarau ni wa ukoo mmoja. Anayeiachia ni wa ukoo mwingine. Halafu unatazama kama ni duara au kijiti, na unampa sukari uone kama anaila.

"Kama mnavyochunguza mchumba," alisema mama yake.

"Afadhali hawa, mama. Hawadanganyi."

Siku moja alizidisha spiriti, rangi ikatoka yote, akamwandika bakteria ukoo usio wake. Mwalimu akamrudishia kioo: "Umemwosha mpaka umembadilisha kabila. Rudia!" Alirudia mpaka vidole vikawa zambarau, na jina likamkaa.

Mwaka 2015 aliajiriwa maabara ya hospitali. Kila jioni mama yake alimngoja mlangoni na beseni la maji ya moto na sabuni.

"Mama, wengi wao ni raia wema. Bila wao hata maziwa hayagandi."

"Wabaki huko huko na uraia wao. Vua viatu!"

Mwaka 2019 aliolewa na fundi majokofu, aliyeitwa kutengeneza jokofu la maabara. Marehemu alimzuia asiondoke mpaka baridi irudi. Wiki iliyofuata fundi alikuja tena, jokofu likiwa zima kabisa.

Januari mwaka huu alishikwa na homa. Daktari hajasema neno, bombani, kwenye foleni ya maji, watu walishatoa majibu: vijidudu vyake vimemgeuka. Wenzake wa maabara walichukua damu yake, wakaitia kwenye chupa zenye chakula cha bakteria, wakangoja. Hakuna kilichoota. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha saratani ya damu.

"Basi wanangu hawana hatia," alisema kitandani. "Waambieni watu." Alifariki tarehe 9 Juni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Tunawaambia. Ninyi mnaosema kazi ilimuua, mmezidisha spiriti. Rudieni. Na mliokuja jana kumshauri mama amfungie mdogo wake ndani: mama anaogopa, ndiyo, na ndiye anayewasomea karatasi hii. Lakini begi la mtoto limeshafungwa, na Jumatatu atampeleka yeye mwenyewe mpaka getini.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mama, na mdogo wake, mwanafunzi wa maabara.

Apumzike kwa amani, na rangi yake isitoke.