Redio ya Mama Mkasi Iende na Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kiwanda chetu cha kushona sare, mkuu wa meza ya kukatia vitambaa, ambaye sote tunamwita Mama Mkasi, anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe 30 Juni. Aliingia akiwa kibarua wa kuokota vipande vya nguo chini ya meza, akapanda hadi kushika mkasi, kisha mashine ya kukatia, kisha meza nzima. Hakuna sare ya mwanafunzi, ya muuguzi wala ya mlinzi iliyotoka humu ndani bila kupita mikononi mwake.

Ni mtu wa bidii, mcheshi, asiyependa uvivu wala umbea wa saa za kazi. Amefundisha wakataji wengi, na baadhi yao leo wana karakana zao. Ni mama wa watoto watatu na bibi wa wajukuu ambao hesabu yao, kwa maneno yake mwenyewe, bado haijafungwa. Uongozi na wafanyakazi wote wanajivunia mchango wake.

Hapo ndipo meneja wetu alipoishia kusoma. Aliniita ofisini, akapitia aya hizo mbili, akasema ni safi sana, niendelee hivyohivyo kisha nikachape. Mimi ndiye ninayetoboa matundu ya vifungo, na ndiye ninayechapa jarida la wafanyakazi. Nimeendelea, ila si hivyohivyo. Huwezi kuandika maisha ya Mama Mkasi humu kiwandani ukaiacha redio yake, na huwezi kuitaja redio hiyo wiki hii damu isikuchemke.

Wageni waalikwa, mlipopita mapokezi mmeiona. Ni ile yenye sanduku la mbao, uso wa chuma unaong'aa na kioo kirefu chenye mshale wa kutafutia stesheni, ambayo juu yake pamewekwa chombo cha maua. Mafundi huiita risiva: redio na amplifaya ndani ya sanduku moja, na spika zake mbili husimama mbali, moja kushoto, moja kulia. Ilitengenezwa zama ambazo kitu kilitengenezwa ili kidumu. Si pambo. Ni mali ya Mama Mkasi, aliinunua mwenyewe kwa mshahara wake mwenyewe, na mimi nilikuwepo.

Tulikwenda duka la vyombo vya umeme vilivyotumika, kwenye mtaa wa mafundi baiskeli. Muuzaji alikuwa ameifungulia sauti hadi rafu zinatetemeka, huku akitumiminia sifa zake. Mama akamwambia apunguze. Akapunguza. Akamwambia apunguze tena, hadi muziki ukapotea kabisa, ndipo akaweka sikio kwenye spika. Alikuwa anatafuta ule mkoromo unaobaki redio ikiwa imenyamaza. Alimwambia yule muuzaji kwamba mtu mwema unamjua akinyamaza. Kisha akazungusha kila kitufe polepole, akainusa kwa nyuma kama ina harufu ya kuungua, akainyanyua kuupima uzito wake, maana redio ya umri ule ikiwa nyepesi ujue imenyofolewa kitu tumboni. Muuzaji, kijasho kinamtoka, akamuuliza kama yeye ni fundi redio. Akajibiwa kuwa ni mkata vitambaa, na kitambaa nacho hunuswa kabla ya kununuliwa.

Ilikuwa ya nyumbani. Lakini nyumbani kwake wakati huo umeme ulikuwa haujaingizwa chumba cha mbele; fundi umeme alikuwa ameshika kazi kisha akaingia mitini, kama ilivyo ada yao. Basi akaileta kiwandani ili aijaribu siku moja tu, jioni aondoke nayo. Siku hiyo moja imetimiza miaka kumi na tisa. Dada wa mstari wa mashine walipoisikia walimsihi aiache mpaka kesho, na kesho ikazaa kesho. Umeme ukaingia chumba cha mbele, watoto wakakua, wakawa wanauliza redio iko wapi. Aliwajibu kwamba iko kazini, inawatafutia ugali kama mama yao.

Kuna jambo aliniambia tukiwa tunakunja vitambaa, nami nalisema hapa ili mjue tunachogombania. Redio ile hajawahi kuisikia. Ameisikia ikishindana na mashine sitini za kushonea, pasi za mvuke na vinywa vyetu. Hajapata hata mara moja kuketi mbele yake ndani ya chumba kimya. Alisema hiyo ndiyo zawadi ya kustaafu aliyojiwekea tangu zamani: kiti chake, madirisha yamefungwa, spika huku na huku, na hakuna mashine hata moja.

Na tusidanganyane kwamba ilikuwa ya burudani tu. Katika ukumbi ule mtu akikuita kwa mita tatu humsikii. Mama Mkasi alitundika spika ya kushoto juu ya meza ya kukatia, ya kulia akaitundika juu ya meza ya pasi, upande wa pili kabisa. Redio ina kitufe cha kugawa sauti kati ya spika hizo, na yeye ndiye aliyekizungusha. Sauti ikihamia kulia, watu wa pasi walijua mzigo umemalizika kukatwa na unakuja, wakaongeza moto. Ikihamia kushoto, wakataji walijua wamewalemea washonaji, wakapunguza kasi. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetumwa mbio. Tulishona huku tunaimba, na mzigo ulitoka kwa wakati.

Ikizimika kabisa, kila mguu ulitoka kwenye pedali, kwa sababu maana yake mtu ameumia. Mimi ni shahidi. Sindano ilipopita kwenye kidole changu nilikosa hata sauti ya kulia. Yeye ndiye aliyeniona, na mkono wake ulikwenda kwenye swichi kabla hajanikimbilia. Ukumbi mzima ulisimama papo hapo. Nilitolewa sindano nikiwa nimezungukwa na watu, sikuachwa nihangaike peke yangu.

Vituko havikukosekana. Fundi wetu wa mashine ni mtu ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni mafuta. Pedali ikilia, mafuta. Mlango ukigoma, mafuta. Nina hakika hata mkewe akinuna anafikiria kopo. Vitufe vya redio vilipoanza kukwaruza alitaka kumfurahisha Mama, akachukua kikopo chake chenye mdomo mrefu akavinywesha vyote mafuta ya cherehani, kimoja baada ya kingine. Kufika adhuhuri spika ya kulia ikawa kimya na redio inanuka kama kaango. Watu wa pasi wakadhani meza ya kukatia imegoma. Mama Mkasi hakumsemesha wiki nzima. Aliifungua mwenyewe, akaisafisha kwa spiriti na vipande vya pamba, akamwambia kwamba mashine ndiyo inayokunywa, redio haina kiu. Tangu siku hiyo jina la fundi huyo ni Mafuta, na kwa kuomba radhi aliitengenezea redio rafu ya mbao ngumu ambayo haikuyumba mpaka ilipong'olewa.

Ndiyo, iling'olewa. Mwaka jana tuliletewa meneja mpya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: paa halivuji tena, na vyoo vina milango. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda, na huyu bwana mapenzi yake kwa vipya hayana breki. Alifunga spika ndogondogo kwenye dari nzima, zinazoimba kotekote sawasawa. Mama alimweleza kwa adabu habari za kushoto na kulia. Alicheka, akasema hizo ni mbinu za kizamani. Mwezi haukuisha mafurushi yakawa yamerundikana mlangoni mwa pasi na wakataji hawana habari. Dawa yake ikawa kumpa msimamizi kipenga. Watu wazima, wenye watoto na wajukuu, tunapulizwa kipenga kama kuku wanaofukuzwa shambani.

Tukavumilia. Tumevumilia mengi. Kilichonichoma moyoni ni zoezi la kuhesabu mali. Kijana wa stoo aliambiwa abandike stika ya kiwanda kwenye kila kitu chenye plagi, naye alitii agizo kama lilivyo. Alibandika mashine, pasi, feni, birika la fundi Mafuta alilopewa na mama mkwe wake, na redio ya Mama Mkasi. Birika lilirudishwa kwa sababu Mafuta alikwenda kulichukua bila kuuliza mtu. Redio, meneja aliiona ikiwa na stika yake, akasema inapendeza, ipelekwe mapokezi ipambe. Haikuunganishwa hata na umeme. Spika zilitupwa stoo. Juu ya matundu yake ya kupumulia, ambako Mama hakuruhusu hata kikombe, wakapandisha chombo cha maua kinachomwagiwa maji kila asubuhi.

Mama Mkasi hakuwahi kupita hapo bila kutoa kitambaa chake na kufuta yale maji. Wengine walidhani ni mazoea ya usafi. Alikwenda kwa meneja kuiomba, akaambiwa jambo hilo litaangaliwa. Akarudi tena, akaambiwa kitu kikishawekwa stika kimeshaingia kwenye mali za kiwanda, taratibu ni taratibu, na kwamba asiwe na wasiwasi, atapewa zawadi nzuri. Aliporudi mezani nilimuuliza. Akasema, "Acha, mwanangu. Nimetoka hapa salama na vidole vyangu kumi, nitaanza kugombana kwa ajili ya redio?" Kisha akakata kitambaa kombo. Mama Mkasi, akakata kombo. Sikumbuki jambo hilo kutokea wakati mwingine wowote katika miaka yote niliyomjua.

Tulikwenda wengine kumsemea. Tulijibiwa kwamba huyo mama anaheshimiwa sana, ndiyo maana meneja mwenyewe ameandaa hotuba ya kumsifu. Sifa hizo sisi tunaziita kilemba cha ukoka. Mheshimu mtu kwa kumwachia chake. Asante ya punda ni mateke, tunalijua hilo tangu utotoni, lakini punda angalau hapigi teke huku akisoma hotuba.

Na zawadi nzuri yenyewe nimeiona, maana mimi ndiye niliyetumwa kutafuta karatasi ya kuifungia. Ni saa ya ukutani yenye nembo ya kiwanda. Saa, kwa mtu ambaye leo ndiyo kwanza anaachana na saa. Itatundikwa kwenye chumba cha mbele kilichoachiwa nafasi ya redio, impigie kelele za kumkumbusha muda wa kuripoti kazini.

Sasa tugeukie ratiba, ambayo iko nyuma ya karatasi hii. Kamati ilinipa ratiba inayosema, baada ya wasifu kusomwa, meneja atakabidhi saa ya ukutani. Mkigeuza mtaona imeandikwa kwamba meneja atakabidhi redio. Si kosa la uchapaji, na asilaumiwe mtu mwingine; nimechapa mimi, kwa vidole hivihivi, kimoja kina kovu. Karatasi ziko mikononi mwa kila mtu aliyeketi humu, wakiwemo watoto wa Mama Mkasi, ambao wamekuja na gari la kubebea mizigo kwa sababu niliwaambia kuna kitu kizito cha kubeba.

Ndugu meneja, najua wakati huu nawe unausoma mstari huu pale meza kuu, na hotuba yako iko mfukoni. Hotuba inaweza kusubiri. Mapokezi ni mlango wa pili kushoto. Anza kwa kushusha chombo cha maua, taratibu, maji yasimwagike ndani. Bandua stika kwa ukucha, usitumie kisu, utakwaruza mbao. Ibebe kwa mikono miwili ukiwa umekunja magoti, ni nzito kuliko unavyodhani. Spika Mafuta ameshazitoa stoo, amezifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, na ameniapia kwamba hakutia kitu. Chakula kipo mezani kimefunikwa, na sote tumekubaliana kwamba hakifunuliwi mpaka utakapoingia na redio kwa mlango ule.

Mama yetu, tunakushukuru kwa kila mkato ulionyooka, kwa kila mguu uliousimamisha kabla damu haijamwagika zaidi, na kwa ile siku moja uliyotuazima kwa miaka kumi na tisa. Nenda ukaishi vyema, uwe na afya, na uzee wako uwe mtamu. Funga madirisha, washa, kaa kitini. Akija mtu mlangoni kukuomba upunguze sauti eti kuna kazi, mwambie kazi umeshaimaliza.